Upepo wa Makambako, Upepo wa Bahari na Kalamu ya Wakili wa Serikali

Kila mmoja wetu aliyewahi kuteremka stesheni ya Makambako kabla jua halijachomoza anaujua upepo wa pale. Hauna simile. Humpokea mgeni mlangoni mwa behewa, ukampekua mifukoni, kisha ukamsindikiza mpaka kwenye basi la Njombe. Sisi wa zamani tulifika na masanduku ya bati na blanketi moja begani, na kila Julai tuliapa kwamba mwaka ujao tungekuja na makoti mawili. Tuliuona upepo ule kuwa ni adhabu ya kwanza ya muhula. Hakuna aliyetuambia kwamba ni mali. Na hata tungeambiwa, tusingejua kuuliza swali linalofuata, yaani ni mali ya nani, na nani ana haki ya kuiuza.

Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike historia fupi ya kazi ya Wakili wa Serikali, kwa faida ya wenzangu na ya vijana walioko madarasani sasa. Kazi hiyo ni pana mno kuelezwa katika kurasa chache. Kwa hiyo nimechagua upande mmoja ambao hausemwi sana, nao ni ushauri wa kisheria juu ya nishati ya upepo, hasa upepo ulioko baharini. Najua msomaji ataniuliza: Njombe na bahari, wapi na wapi? Namwomba anivumilie kidogo. Historia ya haki ya upepo wa baharini ina mkono wa wanasheria wa Afrika Mashariki, waliokaa mezani na kalamu miaka mingi kabla mtambo wowote wa upepo haujasimikwa majini. Na mafunzo yake yanarudi moja kwa moja hapa nyanda za juu.

WAKILI WA SERIKALI NI NANI

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 nchi yetu ilikuwa na wanasheria Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Serikali huru, Roland Brown, alikuwa Mwingereza. Mwaka huo huo wa 1961, mwezi Oktoba, Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, cha kwanza katika Afrika Mashariki, kikiwa na wanafunzi 14 katika jengo lililoazimwa kwa chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1965 Mark Bomani akawa Mtanzania wa kwanza kushika kiti cha Mwanasheria Mkuu.

Kwa mujibu wa Ibara ya 59 ya Katiba yetu, Mwanasheria Mkuu ndiye mshauri wa Serikali katika mambo yote ya sheria. Lakini mtu mmoja hawezi kusoma kila karatasi. Walio chini yake, wanaosoma na kuandika, ndio Mawakili wa Serikali. Mwananchi huwaona mahakamani tu, wakiendesha kesi, na hudhani kazi yao inaishia hapo. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hufanyika kimya. Jalada linatoka masijala, ndani yake mna rasimu ya mkataba wa kurasa mia mbili, na juu yake dokezo la mistari mitatu: tafadhali pekua na ushauri. Upekuzi huo wa mikataba hauna makofi wala picha gazetini. Ukifanywa vizuri hakuna anayejua kwamba umefanyika. Ukifanywa vibaya, taifa zima hujua.

Mwaka 2018 kazi hizi ziligawanywa upya. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ilianzishwa ili isimamie mashauri ya madai na usuluhishi, na mashtaka ya jinai yakawa na ofisi yake. Ushauri, uandishi wa sheria na upekuzi wa mikataba vikabaki kwa Mwanasheria Mkuu.

BAHARI ILIYOPIMWA KWA KALAMU

Wazee wetu wa pwani waliutumia upepo wa bahari kwa karne nyingi bila leseni. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Upepo ulikuwa wa Mungu, na bahari ya anayeweza kuivuka. Wakoloni walipokuja walileta kanuni yao: nchi yenye pwani ina mamlaka juu ya maili tatu tu za bahari, yaani kama kilomita tano na nusu kutoka ufukweni. Zaidi ya hapo kila taifa lilikuwa huru. Kwa maneno mengine, mwenye merikebu kubwa ndiye aliyefaidi, naye hakuwa mtu wa Kilwa wala wa Bagamoyo.

Nchi changa zilipopata uhuru zilikataa hesabu hiyo. Hapa ndipo anapoingia mwanasheria wa Serikali ya jirani zetu wa Kenya, Frank Njenga. Mwaka 1971, huko Colombo, katika kikao cha kamati ya wanasheria wa nchi za Asia na Afrika, alileta wazo la ukanda wa kiuchumi. Akalieleza zaidi Lagos mwaka 1972, na Agosti ya mwaka huo Kenya ikaliwasilisha rasmi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa huko Geneva. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi, na katika urahisi huo ndiko kulikuwa na nguvu yake. Meli za mataifa yote zitaendelea kupita kwa uhuru, ila utajiri ulioko mpaka maili 200 kutoka pwani utakuwa wa nchi yenye pwani hiyo. Maili 200 za bahari ni kama kilomita 370, mwendo mrefu kuliko kutoka Njombe hadi Mbeya. Kijana asome hapa vizuri: wazo hilo halikuletwa na jemadari wala mwenye manowari. Lililetwa na mtumishi wa Serikali aliyejua kuandika ibara.

Tanzania nayo haikukaa kimya. Agosti 1973 Rais alitangaza kwamba bahari yetu ya kitaifa ni maili 50. Desemba ya mwaka huo Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa juu ya Sheria ya Bahari ulifunguliwa New York, ukahamia Caracas mwaka 1974, na ukaendelea kwa vikao mbalimbali mpaka 1982. Katika mkutano huo ujumbe wetu uliongozwa na Joseph Sinde Warioba. Yeye alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966 na kuanza kazi mwaka huo huo kama Wakili wa Serikali. Baadaye, tangu 1976 hadi 1983, alikuwa Mwanasheria Mkuu. Wengi wanamkumbuka kwa uwaziri mkuu wake wa 1985 hadi 1990, au kwa tume zake. Ni wachache wanaojua kwamba mataifa yalimchagua mwaka 1983 kuongoza Tume ya Maandalizi iliyotayarisha vyombo vya sheria mpya ya bahari, na kwamba mwaka 1996 alikuwa miongoni mwa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari huko Hamburg.

Aprili 30, 1982 Mkataba ulipigiwa kura: 130 za ndiyo, 4 za hapana, na 17 hazikuegemea upande wowote. Desemba 10 ya mwaka huo ulitiwa sahihi Montego Bay, Jamaika. Ndani yake mna Ibara ya 56, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Baada ya kuipa nchi ya pwani haki juu ya samaki na juu ya vilivyoko chini ya sakafu ya bahari, ibara hiyo inaongeza kazi nyingine za kiuchumi ndani ya maili 200, na kwa mfano inataja kufua nishati kutokana na maji, mikondo na upepo.

Tafadhali tazama mwaka: 1982. Wakati huo duniani kote hapakuwa na shamba hata moja la upepo baharini. Waliokaa pale wangeweza kuacha maneno hayo kwa kuwa hayakuwa na faida ya siku hiyo. Hawakuyaacha. Walihifadhi haki ya kitu ambacho bado hakijaonekana kwa macho.

Tanzania iliridhia Mkataba huo Septemba 1985, na mwaka 1989 Bunge likatunga sheria ya bahari ya kitaifa na ukanda wa kiuchumi. Katika sheria hiyo zile maili 50 zilirudi kuwa 12, na nyuma yake ukatangazwa ukanda wa maili 200. Mtu asiye mwanasheria anaweza kudhani tulinyang'anywa maili 38. Sivyo. Tuliachia mamlaka kamili juu ya eneo dogo ambalo mataifa mengi yalikataa kulitambua, tukapata haki ya utajiri juu ya eneo kubwa linalotambuliwa. Ukanda wetu unakadiriwa kuwa kilomita za mraba 223,000. Kubadilishana huko ndiyo kazi ya mwanasheria: kujua lipi la kung'ang'ania na lipi la kuachia.

MITAMBO INAFUATA SHERIA

Shamba la kwanza la upepo baharini lilijengwa Vindeby, Denmark, mwaka 1991, miaka tisa baada ya Montego Bay. Lilikuwa na mitambo 11, kila mmoja wa kilowati 450, na jumla yake haikufika megawati 5. Lilikuwa karibu na nchi kavu, mahali ambapo mtu wa ufukweni aliweza kuhesabu mapanga yake. Hakuna aliyehitaji Ibara ya 56 kwa umbali ule.

Lakini mitambo ilikua na kusogea mbali, kwa sababu huko nje upepo haukatizwi na mlima wala mti. Mwaka 2004 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya nishati iliyotenga eneo la nishati jadidifu nje ya bahari yake ya kitaifa, kwa nguvu ya haki zile zile za ukanda wa kiuchumi. Shamba la Hornsea One, lililoanza kutoa umeme kikamilifu mwaka 2020, lina mitambo 174 na uwezo wa megawati zipatazo 1,200. Liko kama kilomita 120 kutoka pwani, ambao ni mara mbili ya mwendo wa Makambako hadi Njombe. Bwawa letu la Julius Nyerere lina megawati 2,115, kwa hiyo mashamba mawili ya namna hiyo yangelipita. Kwa kanuni ya kale ya maili tatu, mahali pale pangekuwa bahari huria isiyo na mwenyewe, na hakuna benki ambayo ingekopesha fedha za kujenga katika bahari isiyo na mwenyewe. Waingereza leo wanavuna upepo wao chini ya kivuli cha wazo lililopigiwa debe na mwanasheria kutoka Nairobi.

Hapa kwetu bado hatujasimika mtambo hata mmoja wa upepo baharini. Je, basi Wakili wa Serikali hana la kushauri? Analo, na jingi, kwa sababu wakati mzuri wa kujibu swali la sheria ni kabla mwekezaji hajafika na rasimu yake mkononi.

MEZANI KWA MSHAURI

Tuseme jalada limefika, nalo linauliza: nani atoe kibali cha mitambo ya upepo mashariki ya Unguja? Jambo la kwanza mshauri atatazama ramani. Je, eneo liko ndani ya maili 12, ambako mamlaka ya nchi ni kamili, au nje yake, ambako tuna haki ya utajiri tu na hatuna haki ya kuzuia meli za mataifa kupita?

La pili atafungua Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, yenye orodha ya Mambo ya Muungano. Humo mafuta yasiyosafishwa na gesi asilia yametajwa. Umeme na upepo havikutajwa. Lakini mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, na ukanda wa maili 200 ulitangazwa kwa sheria ya Bunge la Muungano. Hapo mshauri hana budi kuandika kwa uangalifu mkubwa, maana neno moja la haraka laweza kuwagombanisha ndugu wawili wa nyumba moja.

La tatu, sheria ya mwaka 2017 juu ya mamlaka ya nchi kuhusu maliasili inaeleza maliasili kwa upana, ikitaja hata anga na bahari, na inataka migogoro juu ya maliasili isuluhishwe na vyombo vya hapa nchini. Je, upepo ni maliasili kwa maana ya sheria hiyo? Mwekezaji angependa jibu liwe hapana, ili kesi zake zisikilizwe nje. Mshauri lazima awe na jibu lake tayari, pamoja na sababu.

La nne ni waya. Umeme wa baharini ni bure kama haufiki nchi kavu. Katika hili tuna uzoefu wetu wenyewe, kwani Unguja imekuwa ikipata umeme kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 1980, waya wa pili ukaongezwa mwaka 2013, na Pemba ikaunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010.

La tano ni usalama na usafi. Sheria ya bahari inaruhusu kuzungushia mitambo eneo la usalama lisilozidi meta 500, na inadai mitambo iliyokwisha kazi iondolewe. Vindeby ilibomolewa mwaka 2017. Mshauri aliye makini huuliza siku ya kwanza: fedha za kubomoa zitatoka wapi, na zitawekwa kwa nani?

La sita, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, ni la watu wasiokuwamo chumbani. Ili niwaeleze vizuri, sina budi kurudi Makambako.

KIJIJI KINA MKUTANO, BAHARI HAINA

Upepo wa Makambako umekwisha kupimwa. Vipimo vilivyofanywa kwa ajili ya mipango ya umeme vilionyesha wastani wa meta 8.9 kwa sekunde katika kimo cha meta 30. Kititimo, Singida, ilipata meta 9.9. Wanafunzi wa Fizikia watatueleza kwamba mwendo wa upepo ukiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nane. Kwa hiyo tofauti ndogo katika kipimo ni tofauti kubwa katika fedha. Mipango ya shamba la megawati 100 imewahi kutangazwa Makambako. Wakati huohuo, majirani zetu wa Mufindi walitangulia kwa unyenyekevu: mwaka 2020 mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4, ilianza kazi kwenye mradi wa Mwenga, ikisaidiana na umeme wa maji wa mto huo. Na mji wetu wa Njombe, kwa kuni za miti ya kampuni ya TANWAT, ulijua umeme usio wa mafuta tangu miaka ya tisini.

Lakini mtambo wa upepo husimama juu ya ardhi, na ardhi ya kijiji ina wenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi hiyo haiwezi kupewa mwekezaji mgeni hivi hivi. Lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, na kabla ya hapo wanakijiji waelezwe na wasikilizwe. Eneo lisilozidi hekta 250 linahitaji kibali cha mkutano mkuu wa kijiji wenyewe. Mwekezaji anaweza kuona taratibu hizi kuwa ni za kuchosha. Jambo lililotokea Kenya linaonyesha faida yake. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na megawati 310, ulijengwa juu ya ekari 150,000 za malisho. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru ilitamka kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Mitambo ilikuwa imekwisha kusimama na kuzunguka.

Sasa fikiri juu ya bahari. Bahari haina mkutano mkuu wa kijiji. Haina mwenyekiti, mihutasari wala mhuri. Lakini ina watu. Kuna mvuvi wa Nungwi na wa Kilwa Kivinje anayejua mwamba kwa jina lake. Kuna mwenye mtego, na kuna mama anayevua pweza maji yakipwa. Ramani ya mhandisi itaonyesha kina na upepo. Haitaonyesha njia ya ngalawa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ifanywe na wananchi washirikishwe, na sheria ya hifadhi za bahari ya 1994 inalinda maeneo kama Mafia. Lakini kati ya sheria iliyoandikwa na mvuvi aliyesikilizwa kuna nafasi kubwa, na anayeweza kuiziba mapema ni mshauri anayeandika katika dokezo lake: kibali kisitolewe mpaka hawa wasikilizwe, na mkataba utaje fidia yao. Aliyelelewa katika kijiji chenye mkutano atakumbuka kuliuliza hilo. Ndiyo maana nasema kwamba kijana wa Makambako anaweza kuwa mshauri mzuri wa mambo ya bahari.

BEI YA IBARA MOJA

Yako majalada ambayo kila Wakili wa Serikali wa kizazi changu aliyasoma kama somo. Mwaka 1995, nchi ikiwa na njaa ya umeme, TANESCO iliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa mtambo wa megawati 100 wa mafuta mazito huko Tegeta. Mkataba ulikuwa na malipo ya uwezo wa mtambo, yaani fedha zinazolipwa kila mwezi kwa sababu mtambo upo, umeme uwe umetumika au la. Ubishi juu ya gharama ya ujenzi ulifika mwaka 1998 mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Hapo wanasheria wa upande wetu walifanya kazi ya kusifiwa: mwaka 2001 gharama iliyokubaliwa ilishushwa hadi takriban dola milioni 127, na malipo yakashuka nayo. Mtambo ukaanza kuuza umeme mwaka 2002. Lakini migogoro haikuisha. Mwaka 2014 fedha zilizokuwa zimewekwa katika akaunti ya Tegeta Escrow zilizua mjadala mkubwa Bungeni, na Desemba ya mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa wakati huo alijiuzulu, akisema kwamba ushauri wake juu ya suala hilo haukueleweka. Sina nia ya kuhukumu mtu. Nataka kijana aone uzito wa kazi yenyewe: ushauri wa kurasa chache unaweza kuangusha ofisi kubwa.

Kwa upepo jambo ni lile lile. Kule Turkana mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya kilomita 428 ya kwenda Suswa, iliyokuwa jukumu la Serikali, ilikamilika mwaka 2018. Mkataba ulisema nani anabeba hasara ya kuchelewa. Kenya ikalazimika kulipia umeme ambao hakuna aliyeuwasha. Upepo ulivuma bure juu ya jangwa na hesabu ikaendelea.

Kwa hiyo siku mkataba mkubwa wa upepo wa Makambako utakapowekwa mezani, maswali ya mpekuzi yanajulikana. Njia ya umeme ni jukumu la nani, na itakuwa tayari lini? Tukishindwa kupokea umeme, tunalipa nini? Bei imefungwa kwa fedha ya nani? Serikali inadhamini deni gani? Mgogoro utasikilizwa wapi? Mitambo ikizeeka, nani ataishusha? Kijiji kinapata nini kila mwaka, tofauti na fidia ya siku moja? Maswali hayo ndiyo yatakayoulizwa vilevile siku mtambo wa kwanza utakapopelekwa baharini. Upepo ni mmoja. Kinachobadilika ni mwenye mahali.

KWA WALIOKO MADARASANI

Mara nyingi wanafunzi huniuliza wasome nini. Sheria husomwa Chuo Kikuu, kisha Shule ya Sheria iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, hayo yanajulikana. Lakini naomba niongeze la uzoefu. Msidharau Jiografia, kwa sababu mshauri asiyejua kusoma ramani hushauri gizani. Msidharau Fizikia, maana mhandisi akisema kilowati nawe ukasikia kilo, umekwisha. Kiswahili kijueni kwa ufasaha, kwani dokezo linalosomwa na waziri saa mbili usiku lazima lieleweke mara moja. Na Kiingereza pia, kwa kuwa mikataba mingi bado huandikwa kwa lugha hiyo, na hila hujificha katika lugha usiyoimudu. Midahalo ya Ijumaa msiikimbie. Na zaidi ya yote jifunzeni kuandika neno hapana kwa adabu, mkiweka sababu na njia mbadala chini yake. Mkubwa wako akitaka kutia sahihi kesho asubuhi, hiyo ndiyo huduma ya thamani kuliko zote unayoweza kumpa.

Nilipopita Makambako safari hii nikija kwenye mkutano wetu, upepo ulikuwa pale pale. Uliipokonya kofia ya mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, ikavuka barabara ya Songea naye akiifukuza, nasi tukacheka kama tulivyocheka tukiwa kidato cha kwanza. Nikawaza kwamba Njenga na Warioba waliandikia haki upepo ambao hakuna aliyeweza kuuvuna kwa wakati wao. Huu wa kwetu unaweza kuvunwa, na umekwisha kupimwa. Unamngoja atakayesoma mkataba wake mpaka ukurasa wa mwisho.